Misimu ya Kubuni na Barua za Kughushi: Maoni juu ya Filamu ya Heathers

Utangulizi

Katika idara zetu za Kiswahili filamu imekuwa mtoto wa kambo wa tamthilia, na filamu ya kuchekesha inayowahusu vijana wa shule ni mtoto wa kambo wa huyo mtoto wa kambo. Mwanafunzi akipendekeza kuandika tasnifu juu ya tanzia, hupewa msimamizi siku hiyo hiyo. Akipendekeza kuandika juu ya futuhi ya vijana, huulizwa kwanza kama hana mada nyingine. Mwandishi wa makala haya amewahi kuuliza swali hilo, tena zaidi ya mara moja, na sehemu ya anayoyasema hapa ni namna ya kulipa deni.

Makala haya yanaijadili filamu ya Kimarekani iitwayo Heathers, ambayo ilipuuzwa na watazamaji ilipoingia katika majumba ya sinema mwaka 1989, na ambayo baadaye ilijipatia mashabiki wasioichoka. Hatuiendei kwa utaalamu wa sinema, kwani hatuna. Tunaiendea kama walimu wa lugha na fasihi. Rai yetu ni kwamba filamu hii imedumu kwa sababu, chini ya ucheshi wake mchungu, inahusu lugha: lugha ambayo vijana hujitungia ili kujitenga na wengine, na lugha ambayo watu wazima huwa nayo tayari mdomoni wakati wa msiba. Lugha zote mbili tunazo hapa nyumbani, na ndiyo maana tunaona inafaa kuijadili katika jarida la Kiswahili.

Kisa na mapokezi yake

Heathers iliongozwa na Michael Lehmann, ikiwa filamu yake ndefu ya kwanza, kutokana na mswada wa Daniel Waters, ambaye naye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kazi hiyo. Kisa kinatokea katika shule ya sekondari ya Westerburg, katika mji wa kubuni wa Sherwood, jimboni Ohio. Wasichana watatu, wote wenye jina la Heather, ndio watawala wa shule. Kila mmoja ana rangi yake ya mavazi, na kiongozi wao, Heather Chandler, amejitwalia nyekundu. Veronica Sawyer, anayeigizwa na Winona Ryder, amepokewa katika kundi hilo ingawa jina lake si Heather. Ana kipaji ambacho wenzake wanakihitaji: anaweza kuiga mwandiko wa mtu yeyote. Mwanzoni kabisa mwa filamu anaamrishwa aandike barua ya mapenzi ya uongo, kwa mwandiko wa mvulana mmoja maarufu, ili apelekewe msichana mnene anayedhihakiwa na shule nzima, Martha Dunnstock.

Kisha anakuja mwanafunzi mgeni, J.D., anayeigizwa na Christian Slater. Veronica, aliyechoshwa na ukatili wa Heather Chandler, anataka kumtania tu kwa kinywaji cha kumtapisha. J.D. anaandaa kikombe chenye sumu. Veronica anakichukua bila kujua, na J.D. anaona asiseme neno. Msichana anakufa. Ili kuficha kosa, Veronica anaandika barua ya kuaga kwa mwandiko wa marehemu, na shule yote inaamini kwamba amejiua. Kutoka hapo vifo vinafuatana, na kila kimoja kinafunikwa kwa maandishi ya kughushi.

Mtu anayesoma muhtasari huo hawezi kushangaa kwamba filamu haikupata watu. Ryder, ambaye alikuwa na umri wa miaka 16 wakati wa upigaji picha, amekwisha kueleza hadharani kwamba wakala wake alimsihi asiicheze. Filamu ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 3, na katika majumba ya sinema ya Marekani ikarudisha dola milioni 1 na ushei. Kampuni iliyoigharimia, New World Pictures, ilikuwa yenyewe katika dhiki ya fedha na haikuwa na uwezo wa kuisambaza na kuitangaza ipasavyo. Lakini sababu ya fedha peke yake haitoshi. Watazamaji wa miaka ile walikuwa wamekwisha kufundishwa nini cha kutarajia katika futuhi ya vijana. Filamu za John Hughes, kama vile The Breakfast Club ya mwaka 1985 na Ferris Bueller's Day Off ya mwaka 1986, zilikuwa zimewazoesha kuamini kwamba uhasama wa shuleni ni kutoelewana tu, na kwamba vijana wakikaa pamoja wakazungumza, wataonana kuwa ni watu. Hiyo ya pili ilipata kiasi cha dola milioni 70 nchini Marekani. Heathers ilikuja na kusema kwamba yapo makundi ya vijana ambayo hayawezi kupatanishwa kwa mazungumzo, kwa kuwa mazungumzo yenyewe ndiyo silaha yao.

Wahakiki wachache waliitambua mapema. Mwaka 1990 Waters alipata tuzo ya Edgar kwa mswada wake, na filamu ikapewa tuzo ya Independent Spirit ya filamu bora ya kwanza. Walioiokoa hasa, hata hivyo, walikuwa wakodishaji wa kanda za video. Waters mwenyewe alikuwa akifanya kazi katika duka la kukodisha kanda wakati alipokuwa akiuandika mswada huo, kwa hiyo tunaweza kusema kwamba filamu ilirudi kwao. Katika miaka ya 1990 iliangaliwa majumbani, usiku, na vijana walioambizana wao kwa wao. Mwaka 2014 tamthilia yake ya muziki, iliyotungwa na Kevin Murphy na Laurence O'Keefe, ilionyeshwa New York, na mwaka 2018 ikafika London, ambako ukumbini walijaa wasichana ambao filamu ilipotoka walikuwa hawajazaliwa. Mark Waters, ndugu yake Daniel, ndiye aliyeongoza Mean Girls ya mwaka 2004, ambayo kwa hakika ni Heathers iliyoondolewa maiti. Hiyo ilipata zaidi ya dola milioni 100 duniani.

Misimu isiyo na msimu

Tuje sasa kwenye jambo linalotuhusu zaidi. Wanaisimu wetu waliiita lugha ya mitaani "misimu", na jina hilo ni zuri kwa sababu linakiri kwamba maneno ya aina hiyo huja na kuondoka kama kaskazi na kusi. Hili ni tatizo kubwa kwa mtunzi yeyote anayetaka wahusika vijana waseme kama vijana. Akinukuu maneno ya mtaani kwa uaminifu, kazi yake itakuwa imezeeka kabla haijatoka kiwandani. Akiyaepuka, vijana wake watasema kama makarani wa mahakama.

Waters aliliona tatizo hilo na akalikwepa kwa njia ambayo watunzi wetu wangefaa kuifikiria. Hakuandika misimu ya vijana wa Marekani wa mwaka 1988, bali kwa sehemu kubwa aliitunga mwenyewe. Vijana wa Westerburg wanasema lugha ambayo hakuna shule yoyote iliyokuwa ikiisema. Mfano ulio mashuhuri zaidi ni kielezi cha kawaida kabisa cha Kiingereza, chenye maana ya "sana", ambacho katika vinywa vyao kimekatwa kutoka kwa kivumishi kilichopaswa kukifuata na kusimamishwa peke yake kama sifa kamili. Sentensi inaishia pale ambapo msikilizaji anangoja neno jingine. Kisarufi ni kosa. Kimtindo ni dharau iliyokamilika, kwani msemaji anaonyesha kwamba hata kumalizia kusifu ni kazi asiyotaka kujisumbua nayo. Mengine ni matusi marefu yenye picha zisizotarajiwa, ambayo hatuwezi kuyafasiri katika jarida hili bila kuulizwa maswali na wahariri.

Mbinu hii si ngeni katika fasihi. Anthony Burgess aliitumia mwaka 1962 katika riwaya ya A Clockwork Orange, kwa kuchota maneno ya Kirusi na kuwapa vijana wahuni wa Uingereza. Stanley Kubrick aliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu mwaka 1971, na Waters alitamani Kubrick huyo huyo aiongoze Heathers. Yumkini alikuwa na hakika moja naye: kwamba lugha ya vijana katika sanaa haina haja ya kuwa rekodi. Inatosha iwe na mantiki yake ya ndani, na iwe na mipaka inayowatenga wanaoijua na wasioijua.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wenzetu wanaoisifu kazi ya sanaa kwa sababu "imeakisi" Sheng au lugha ya vijana wa Dar es Salaam. Kuakisi ni kazi ya mtafiti wa isimujamii, na ni kazi ya heshima. Kwa mtunzi haitoshi. Neno "bomba" lilipendeza sana katika kazi za vichekesho zilizotungwa wakati lilipokuwa likivuma; nilipowasomea wanafunzi wangu mazungumzo ya namna hiyo, walicheka mahali ambapo mtunzi hakukusudia wacheke. Misimu ya kubuni haina umri kwa sababu haikupata kuwa kijana. Mtazamaji wa mwaka 1989 aliisikia kwa mara ya kwanza ndani ya ukumbi, na mtazamaji wa leo huisikia vivyo hivyo, nao wote wawili hujifunza kwa kasi ile ile. Aidha, anayejifunza lugha ya kundi huwa ameshaanza kuingia kundini. Tunaamini kwamba ushabiki wa filamu hii ulianzia hapo: vijana waliyachukua maneno yake wakayasema shuleni kwao, na mwenye kuyaelewa akajulikana.

Barua za marehemu

Miaka michache iliyopita nililipa darasa la tafsiri vipande vya mazungumzo ya Heathers, pamoja na ile barua ya kuaga ambayo Veronica anaiandika kwa niaba ya Heather Chandler. Nilidhani barua ingekuwa ngumu na mazungumzo yangekuwa rahisi, kwa kuwa darasa lilikuwa na vijana watupu. Ikawa kinyume. Mazungumzo yaliwatoa jasho kwa majuma mawili. Barua waliirudisha siku ya pili, na tafsiri zao zilifanana kama zilizonakiliwa. Nilipowauliza, msichana mmoja aliyekuwa akikaa nyuma alijibu kwamba haikuwa na haja ya kufikiri. "Mwalimu," alisema, "huu ni wasifu wa marehemu."

Alikuwa amepatia. Veronica anapoandika kwa mkono wa msichana aliyemchukia, hamwandikii Heather Chandler aliyemjua. Anamtungia msichana mwenye huzuni ya ndani, mwenye kina, aliyefungwa katika sura ambayo watu walimpa. Barua inasomwa na kuaminiwa, na marehemu anakuwa mtu bora kuliko alivyokuwa. Mwalimu mmoja anawakusanya wanafunzi katika bwalo la chakula na kuwashikisha mikono mbele ya kamera za televisheni. Wimbo wa kuwaasa vijana wasijiue unakuwa wimbo wa kupendwa. Kisha wanauawa wavulana wawili wachezaji wa mpira, na barua ya kughushi inadai kwamba walikuwa wapenzi. Kwenye mazishi, baba wa mmoja wao anatangaza mbele ya jeneza kwamba anampenda mwanawe kama alivyokuwa, na J.D. anamnong'oneza Veronica akijiuliza kama mzee huyo angeyasema hayo mwanawe akiwa hai. Veronica anashikwa na kicheko. Hapo anamwona mtoto mdogo wa kike, aliyeketi mbele, amegeuka na machozi yakimtoka. Kicheko kinakatika.

Kwa maoni yetu sekunde hizo chache ndizo zinazoiokoa filamu na tuhuma kwamba inacheka kifo. Inacheka maneno yanayosemwa juu ya kifo. Tofauti hiyo inadhihirika zaidi tukitazama wanaojaribu kujiua kweli, nao wamo wawili. Martha anajitupa katikati ya magari akiwa na barua yake mwenyewe, aliyoiandika kwa mkono wake. Anapona, na wenzake wanasema kwamba hata kufa anawaiga wakubwa. Heather McNamara, aliye mpole kuliko wenzake, anapiga simu katika kipindi cha redio kueleza dhiki yake. Anatambuliwa kwa sauti na kesho yake anazomewa darasani. Veronica anamkuta msalani na vidonge na kumwokoa. Matukio hayo hayana mzaha wowote ndani yake. Kwa hiyo filamu ina vifo vya uongo vinavyopewa maombolezo ya fahari, na maumivu ya kweli yanayopewa dhihaka. Kinaya hicho hakiwezi kuwa kimepatikana kwa bahati.

Naomba msomaji aniwie radhi nikigusa jambo la karibu. Katika miaka yangu ya kufundisha nimewahi kuombwa kuandika wasifu wa mwanafunzi aliyefariki ghafla, usomwe siku ya kuagwa kwake. Niliandika kwamba alikuwa mchangamfu, mpenda watu na mwenye ushirikiano. Nilikuwa nimemfundisha muhula mzima, na kwa kweli sikumbuki kama nilipata kuisikia sauti yake nje ya kuitika jina. Hakuna aliyenisuta. Maneno yalikuja yenyewe, kama walivyokuja kuyapata wanafunzi wangu katika ile tafsiri, nami nilipoyasoma watu walilia. Nilipoiona Heathers mara ya pili, baada ya msiba huo, niligundua kwamba sehemu niliyoicheka zaidi mara ya kwanza ilikuwa ikinihusu mimi, si wanafunzi.

Pingamizi

Si vizuri kuisifu filamu hii kana kwamba haina doa. Tangu mauaji ya shule ya Columbine mwaka 1999, hakuna awezaye kumtazama kijana mwenye koti jeusi akiingia shuleni na silaha na kuona kwamba ni fumbo tu. Jaribio la kuigeuza hadithi hii kuwa tamthilia ya mfululizo ya televisheni mwaka 2018 liliahirishwa baada ya mauaji ya shule ya Parkland mwezi Februari mwaka huo. Waters alikuwa ameandika mwisho ambamo shule nzima inalipuka na wanafunzi wote wanakutana katika dansi huko peponi. Wenye fedha waliukataa, na ingawa mashabiki wengi huusikitikia mwisho huo, sisi tunadhani katazo lile lilikuwa la heri. Isitoshe, J.D. amepewa sura nzuri na maneno matamu kupita kiasi. Kijana mwenye uchungu akimtazama, anaweza kumchukua yeye na kumwacha Veronica.

Lakini pingamizi kwamba mada kama hii haiwafai vijana haina nguvu, na sisi tuliokulia katika fasihi ya Kiswahili tungepaswa kuwa wa mwisho kuitoa. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, ilikatazwa mashuleni kwa sababu ilisema wazi yanayowapata wasichana wa shule, nayo inaishia katika kujiua. Baadaye ilisomwa katika shule za sekondari, na waliokuwa wakiificha chini ya godoro wakawa walimu wa kuifundisha. Jambo moja dogo linafaa kuongezwa. Karibu na mwisho wa Heathers, wanafunzi wa shule nzima wanaweka sahihi zao kwenye karatasi wanayoamini ni ombi la kuletewa bendi wanayoipenda, kumbe ni barua ya kuaga dunia kwa pamoja. Hakuna hata mmoja aliyeisoma. Vilevile Veronica anadanganywa kwamba risasi alizopewa ni za kulewesha tu, ilhali jina la Kijerumani aliloambiwa lina maana ya "ninadanganya". Mauaji yote ya filamu hii yanapita katika maandishi yasiyosomwa au maneno yasiyofasiriwa. Kama hiyo si mada ya idara ya lugha, sijui ni ipi.

Turudi katika lile darasa la tafsiri. Kile kielezi kilichosimama peke yake ndicho kilichobaki bila dawa hadi mwisho. "Sana" ilijaribiwa ikakataliwa, kwa kuwa imezoeleka mno hata ikiachwa peke yake haimshtui mtu. Mwanafunzi wa Kenya alileta neno la Sheng, lakini mwenzake, wa Nairobi pia, alimwambia kwamba neno hilo limekwisha kuzikwa. Hatimaye kijana mmoja, ambaye hadi siku hiyo hakuwa amechangia chochote, akasema: "Mno." Viatu vyake ni mno. Mwalimu yule ni mno. Darasa lilicheka, kisha likanyamaza likilijaribu neno kimoyomoyo, nami nikaliandika ubaoni.

Juma lililofuata nililisikia ukumbini, na baada ya mtihani nikaambiwa usoni kwamba ulikuwa mno. Mwaka uliofuata, mwanafunzi mpya ambaye sikuwahi kumfundisha alilitumia katika insha yake. Nilipomwita kumuuliza amelitoa wapi, alinitazama kwa huruma, akanieleza kwa subira kwamba ni neno la mtaani, la siku nyingi, ambalo watu wa rika langu labda hatukulipata.